Bibi Nyoka Apokea Mgeni

Kama kuna siku Chaki alitamani simu zote duniani ziishe chaji kwa wakati mmoja, ni Jumamosi ile, saa tisa alasiri, shangazi yake alipojitupa kwenye kochi, akavua viatu, akatoa simu kwenye pochi na kusema:

"Kabla huyo mchumba hajafika, ngoja nimalizane na hili libibi."

"Libibi gani tena, shangazi?"

"Hili hapa. Siku ya tatu leo linanikimbiza. Nikilala naliona, nikiamka naliona. Jana nimeunguza mboga kwa ajili yake."

Chaki alikuwa anapanga vikombe. Akainama kuchungulia, kwa adabu tu, maana mkubwa akikuonyesha kitu unatazama. Kikombe alichokuwa nacho mkononi akakiweka juu ya biskuti.

Kwenye kioo cha simu kulikuwa na mtaa, na mvua inanyesha. Nyumba zile alizichora yeye. Ile miti aliichora yeye, na yule mbwa anayejikuna pia. Na katikati ya mtaa, kavaa mtandio wa zambarau, nyoka wa njano shingoni, fimbo ndefu mkononi, kanuna kama mtu aliyeamshwa na mdai, alikuwa anakuja mama yake mzazi.

"Anaitwa Bibi Nyoka," shangazi akaeleza, vidole vinaruka. "Akikushika umekwisha, unaanza upya. Mwone, mwone anavyokuja. Ana roho mbaya huyu, sijui nani kamzaa."

Upande wa pili wa pazia cherehani ililia trrrrr, ikanyamaza, ikalia tena. Mama alikuwa kazini, na hakuwa amejua bado kwamba yuko pia kwenye simu ya wifi yake.

Sasa ili jambo hili likae vizuri, lazima tujue Chaki anakula kwa kazi gani. Jina hilo la Chaki alipewa utotoni kwa kuchora kuta zote za nyumba mpaka mlango wa choo. Alipomaliza chuo watu wakasubiri apate kazi ya maana, yeye akajifungia chumbani na tableti yake ya kuchorea. Kazi yake ndiyo hii: kuna watu wanatengeneza magemu peke yao au wawili wawili, wanajua kuiamuru kompyuta lakini ukiwaambia wachore paka wanachora kiazi. Hao ndio wateja wake. Yeye huchora picha, anazifunga furushi furushi, anaziweka kwenye soko la mtandaoni, nao wananunua tayari kama mtu anavyonunua nguo ya kutundikwa. Furushi moja la msitu, lingine la jikoni, lingine la mtaa. Watu wake huwachora wakitembea, wakikimbia, wakipiga, basi. Mengine mtengenezaji anajaza mwenyewe.

Furushi la mtaa ndilo lililomleta Kobe.

Kobe ndilo jina alilotumia sokoni, kwa sababu gemu lake la kwanza lilimchukua miaka mitatu. Alinunua furushi, na siku ya pili akaandika ujumbe: "Samahani, dada. Mti wa tatu, kivuli kimeangukia upande wa jua." Chaki alinuna. Akaenda kutazama. Kweli. Akarekebisha na kutuma toleo jipya, maana soko ndivyo lilivyo, ukirekebisha kitu kimoja kinawafikia wote waliowahi kununua. Wiki iliyofuata: "Yule mbwa akigeuka kushoto anaongezeka mguu." Kweli tena. Wiki baada ya wiki, kosa baada ya kosa, mpaka siku moja ujumbe ukaja hivi: "Leo nimetafuta kosa sijaliona. Nikaona nikusalimie tu."

Hapo ndipo Chaki alipokwisha. Alijilaza kitandani, simu kifuani, akaitazama dari kama dari ndiyo iliyoandika.

Walipokutana ana kwa ana alimkuta mrefu, mabega yameinama kidogo kwa kukaa kwenye kompyuta, na tabasamu linalochelewa kufika kama mgeni wa mbali, lakini likifika halina haraka ya kuondoka. Miezi minane sasa. Miezi saba kati ya hiyo Chaki hakumwambia mama yake kitu.

Alipomwambia, mama alisimamisha cherehani.

"Anafanya kazi gani?"

"Anatengeneza magemu, mama."

"Mtu mzima anacheza kazini. Akitaka kupumzika anafanya nini, analima?"

"Mama, ni kazi kama kazi nyingine."

"Yule karani aliyekuja kukuchumbia mwaka jana naye alikuwa na kazi. Akaja akakalia gauni la bibi harusi." Mama alikata uzi kwa meno. "Mlete. Nitamwona mara moja. Nikiona hafai, namba yake unaifuta hapa hapa mbele yangu, na habari hiyo haitarudi tena nyumba hii. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mama."

Ndivyo mama alivyokubali. Mara moja, siku moja, jicho moja. Na dawa ya kujua mama ameamua nini ilijulikana na ukoo mzima: daftari. Mama alikuwa na daftari nene la vipimo. Wateja wanaandikwa kuanzia mbele. Ndugu wanaandikwa kuanzia nyuma. Shangazi alikuwa ukurasa wa pili kutoka mwisho, na alijivunia ukurasa ule kuliko cheti chake cha ndoa. Yule karani hakuandikwa hata mbele. Mama hakugusa hata tepu ya kupimia.

Gemu jipya la Kobe, *Mbio za Mvua*, lilitoka Jumatatu. Chaki hakulicheza, kwa sababu Kobe alimwomba, tena kwa sauti ile ya chini ambayo mtu hawezi kuikatalia: "Nisubiri tucheze wote. Nataka nikuone uso wako ukifika mwisho." Akasubiri. Kumbe mapenzi nayo yana hasara zake.

"Shangazi," akasema sasa, akikaa karibu, "hebu lizime kidogo. Mgeni anakaribia."

"Nazima vipi na nimebakiza mioyo miwili tu ya kuchezea?"

"Shangazi, nakuomba. Mtazame vizuri huyo bibi."

"Nimemtazama siku tatu, namjua kuliko mume wangu."

"Huo mtandio umewahi kuuona wapi?"

Shangazi akasogeza simu karibu, akaisogeza mbali. Kabla hajajibu, mlango ukagongwa, mara tatu, taratibu. Chaki alijua mikono ile hata mlangoni.

"Karibu," akasema, na sauti ikatoka nyembamba kama uzi.

Kobe aliingia kavaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likaogopesha. Mkononi kabeba kifurushi cha vitambaa, maana alikuwa ameuliza mama anapenda nini, na Chaki alikuwa amejibu, vitambaa. Wakatazamana. Kuna kutazamana kwa salamu na kuna kutazamana kwa mtu aliyehesabu siku, na huku kulikuwa kwa pili. Chaki akasahau simu. Akasahau mtaa na mvua na nyoka. Akaona ile kona ya mdomo wa Kobe inaanza kupanda, polepole, tabasamu lile la mgeni wa mbali linakaribia kufika.

Halafu pazia likafunguliwa.

Mama alitoka moja kwa moja kutoka kwenye kazi. Mtandio wa zambarau kichwani. Tepu ya njano ya kupimia imezunguka shingo, ncha mbili zinaning'inia. Rula ndefu ya mbao mkononi. Na mdomoni, kama kila siku tangu dunia iumbwe, pini. Pini sita au saba amezibana kwa midomo, kwa hiyo hasemi, hacheki, anakutazama tu.

Tabasamu la Kobe liligeuka njiani. Akaruka kushoto.

Aliruka kweli. Hatua moja nzima, kama mtu aliyekwepa gari, akagonga meza ya chai.

"Ukiruka kulia anakushika," shangazi akasema bila kufikiri, kisha akaishusha simu, akaiinua, akamtazama wifi yake, akaitazama simu. "Wifi. Hebu simama hivyo hivyo."

Mama akanyanyua nyusi. Na pini mdomoni, nyusi ndizo zilizokuwa lugha yake.

"Simama tu. Inua rula kidogo." Shangazi akaanza kutetemeka mabega. "Jamani. Jamani, wifi, ni wewe. Siku tatu nakutukana kumbe ni wewe."

Mama akanyoosha mkono. Shangazi, machozi ya kicheko yanamtoka, akampa simu.

Kwenye simu mvua ilinyesha na Bibi Nyoka akatembea hatua zake nne, akageuka, akatembea hatua zake nne. Kobe alimtazama Chaki. Macho yake yaliuliza, *ni mama yako?* Na macho ya Chaki yakajibu, *ndiyo*, na yakaongeza, *tumekwisha*. Nani angekumbuka namba ya mtu baada ya kuifuta? Chaki aliikumbuka kwa kichwa, namba zote, na hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwamba angelazimika kuifuta simuni huku kichwani inabaki.

Mama akatoa pini mdomoni. Alizitoa moja moja na kuzichomeka kwenye kimto kidogo alichofunga mkononi kama saa. Ya kwanza. Ya pili. Mpaka ya mwisho.

"Nani kafanya hivi?"

"Shikamoo, mama," Kobe akasema.

"Marahaba. Nani kafanya hivi?"

"Mimi, mama. Gemu ni langu. Nyoka nilimwita nyoka mimi, fimbo nikaiita fimbo mimi. Kosa ni langu."

"Na hii sura ulinichora wewe? Umeniona wapi?"

"Picha nilinunua sokoni. Picha haina kosa, mama. Aliyeichora hana kosa kabisa."

"Sikuuliza nani hana kosa. Nimeuliza nani alichora."

Kobe alitazama sakafu kama kobe aliyerudisha kichwa ndani. Na Chaki akajua kwamba mwanaume yule angeweza kusimama pale mpaka Jumatatu bila kumtaja. Ndipo alipoona aibu, ile aibu ya moto inayoanzia masikioni.

"Mimi, mama," akasema. "Nilikuchora mimi. Yeye hakujua ni wewe. Sikuandika jina, niliandika 'mwanamke namba saba'. Yeye kakuta mwanamke namba saba, basi."

"Namba saba," mama akarudia.

"Wifi, mimi ningeshukuru," shangazi akasema. "Mimi sijawekwa hata namba ishirini."

"Wewe ni yule anayeuza maji, shangazi."

"Yule mnene?"

"Hebu nyamazeni." Mama akaweka kidole kwenye kioo. "Hiki shingoni ni nini?"

"Tepu yako."

"Na hii?"

"Rula."

"Na hapa mdomoni? Mbona nimenuna hivi? Nilikukosea nini siku hiyo mpaka ukanichora nimenuna?"

Swali lile lilikuwa limebeba kitu. Sauti ya mama haikupanda, ilishuka. Chaki akaenda chumbani mbio, akarudi na tableti, akapiga magoti mbele ya mama na kuifungua.

"Tazama, mama. Hii ndiyo picha ya kwanza, kubwa. Unaziona?"

Mama akainama. Kwenye picha kubwa pini zilikuwepo. Zote saba, kila moja na kichwa chake, nyekundu, bluu, nyeupe, zimebanwa kwenye midomo ya mwanamke mwenye mtandio wa zambarau. Hata ile moja iliyopinda ilikuwepo.

"Sasa kwenye gemu mtu anakuwa mdogo hivi, kama ukucha. Nikipunguza, tazama." Chaki akasogeza vidole. Mwanamke akapungua. Pini zikawa vidoti, vidoti vikayeyuka. Ukabaki mstari mmoja mweusi, umeinama pembeni. "Pini zinapotea. Inabaki kununa."

Mama akakigusa kile kimwanamke kwa ncha ya kidole.

"Na wewe ukaona sawa," akasema. "Ukaona ndivyo nilivyo."

Jibu la kweli la Chaki lilikuwa limekaa chini sana, likaja lenyewe.

"Mama, tangu nina miaka minne nikija kukwambia kitu nakukuta hivyo. Hujibu, unanitazama tu. Nikadhani umenuna. Nikirudi chumbani nasema, nitamwambia kesho."

"Ndiyo maana huyu kijana nimemjua mwezi uliopita?"

Chaki akatikisa kichwa kukubali.

"Kwa sababu ya pini," mama akasema. Akarudi nyuma hatua moja, akaketi kwenye stuli ya cherehani, pazia likiwa wazi. "Miaka ishirini nashona ule, uvae, usome, kumbe mwanangu ananiogopa kwa sababu ya pini. Ukisikia kufa maji kwenye kikombe ndiko huku."

Shangazi aliyekuwa anacheka sasa alikuwa anajifuta macho kwa sababu nyingine. Kobe bado alikuwa amesimama palepale penye meza ya chai, kifurushi cha vitambaa kifuani kama ngao. Mama akamgeukia.

"Wewe. Mwisho wa mchezo wako nakuwaje? Nakufa?"

"Hapana, mama."

"Napigwa mawe?"

"Hapana, mama. Naweza kukuonyesha?"

Mama akampa simu. Kobe akaja, akachuchumaa kando ya Chaki, bega kwa bega, na Chaki akauona mkono wake uko karibu. Akatamani kuushika. Hakuushika, mama alikuwa anaona. Lakini vidole vyao vidogo, chini, kwenye sakafu, vikagusana na kubaki hivyo.

"Mchezaji ni kijana ananyeshewa," Kobe akaeleza. "Anakimbia kwenda nyumbani. Kila akipita, Bibi Nyoka, samahani mama, huyu mama anamfuata. Watu wote wanakimbia. Ukikimbia anakushika, unaanza upya. Sasa ona mimi."

Kwenye simu, kijana mdogo aliyelowa akatokea pembeni mwa mtaa. Bibi Nyoka akaanza kumjia, hatua nne, hatua nne, fimbo juu.

"Kimbia," shangazi akasema, akakaza mikono.

Kobe akaondoa kidole kwenye kioo.

"Kimbia, wewe. Ruka kushoto."

Hakugusa kitu. Kijana kwenye mvua akasimama. Bibi Nyoka akafika. Akasimama naye. Akaishusha fimbo. Kisha, kidoti kwa kidoti, akauvua mtandio wake wa zambarau na kumfunika kijana kichwani, na nyoka wa njano akateremka akawazungusha wote wawili, akalala. Wakaanza kutembea pamoja kuelekea kwenye nyumba yenye taa.

"Basi," Kobe akasema. "Huo ndio mwisho. Alikuwa anamkimbiza amfunike."

Ilikuwa mara ya kwanza Chaki kuuona mwisho ule, na Kobe, aliyesubiri wiki nzima amwone uso wake ukifika hapo, alikuwa anamtazama yeye, si simu. Akaupata uso aliokuwa anautafuta. Sitauelezea. Aliyewahi kutazamwa namna hiyo anaujua.

"Kwa nini?" mama akauliza. Sauti yake ilikuwa imelegea. "Umenunua bibi aliyenuna, ana nyoka, ana fimbo. Ungemwacha awe mbaya tu. Nani angekuuliza?"

Kobe alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kusema, na ukimwona kobe kainama ujue anatunga sheria.

"Nilijaribu, mama. Nilimtazama miezi mitatu nikashindwa. Mdomo umenuna lakini macho hayajanuna. Macho ni vidoti viwili tu, lakini aliyevichora alikuwa anampenda huyu mtu, vinaonekana. Nikasema, huyu ana kitu mdomoni anashindwa kusema. Nikampa nafasi aseme."

Mama akamtazama Chaki. Chaki akamtazama mama. Hakuna aliyekuwa na pini.

Na pengine wangelia wote, ingekuwa alasiri ya kulia, kama shangazi asingepata fahamu.

"Yaani ni kusimama tu?" akauliza.

"Ndiyo, shangazi."

"Siku tatu nakimbia. Nimeunguza mboga. Nimemfungia mume wangu nje, anagonga, namwambia subiri linanikamata. Kumbe ni kusimama tu?"

"Ni kusimama tu, shangazi."

"Wifi," shangazi akasema kwa uchungu wa kweli, "miaka yote hii si ungesema."

Ndipo mama alipocheka. Ilianza kifuani, ikampandisha mabega, ikamtupa kichwa nyuma mpaka mtandio ukamtoka, na meno yote nje, hata lile la pembeni lenye pengo. Tepu ikaruka shingoni. Alipiga paja kwa rula, akashika cherehani asianguke. Chaki alimtazama mdomo wazi. Kisha mkono wake wenyewe ukatafuta kalamu ya tableti.

"Mama, usiache. Endelea hivyo hivyo."

"Naendelea vipi kwa kuambiwa?"

"Shangazi, mwambie tena habari ya mume wako mlangoni."

Shangazi akaeleza tena, akaongeza na chumvi, mume akanyeshewa wakati hata mvua haikuwepo. Mama akacheka upya. Chaki akachora picha nne, ndogo kama ukucha: kichwa mbele, kichwa juu, kichwa nyuma, mkono pajani. Kobe alikuwa anachungulia begani kwake.

"Ya tatu," akanong'ona, pumzi yake kwenye sikio lake, "kivuli kimeangukia upande wa dirisha."

"Nitakupiga na rula."

"Nasema tu. Mimi mteja."

Akarekebisha. Wakiwa bado wanakunywa chai, Chaki akalituma toleo jipya sokoni, liwafikie wote waliowahi kununua furushi la mtaa, watu wa miji asiyoijua, kwenye magemu asiyoyajua. Maelezo aliandika mafupi: "Mwanamke namba saba sasa anacheka. Anaitwa Fundi. Anachoshika ni rula."

"Na hii moja?" Kobe akauliza. Alikuwa ameona picha nyingine chini, aliyoichora upesi upesi mama alipokuwa anaweka sukari: kijana mwenye mabega yaliyoinama, amechuchumaa, anamtazama mtu asiyeonekana. "Hii unaiweka furushi gani?"

"Hiyo haiuzwi," Chaki akasema, na kwa mara ya kwanza mchana ule ni Kobe aliyetazama chini.

Mama akaweka kikombe. Akafungua kifurushi cha vitambaa, akapapasa kimoja, cha bluu iliyoiva, kati ya kidole gumba na cha shahada, kwa muda ambao fundi hupapasa kitu anachokikubali lakini hataki kusema. Akasimama. Akaiokota tepu sakafuni.

"Wewe kijana, inuka."

Kobe akainuka.

"Geuka."

Akageuka. Chaki na shangazi wakashikana mikono. Mama akapeleka mkono kwenye rafu, akachukua daftari lake nene, na akaligeuza. Akalifungua kutoka nyuma.

"Mama," Chaki akasema.

"Nini? Napima tu. Kitambaa kimekuja na mwenyewe." Akabana pini mbili mdomoni kwa mazoea, akakumbuka, akazitoa. "Nikuandike nani?"

"Kobe tu, mama."

"Siandiki mnyama kwenye daftari langu."

Akamsogelea na ile tepu ya njano imenyooshwa kwa mikono miwili, Bibi Nyoka mzima mzima. Kobe akakaza macho.

"Usiruke," mama akasema.

Hakuruka. Alisimama, na tepu ikamzunguka mabega. Mama akaandika, akapuliza wino, akaliacha daftari wazi mezani kama mtu aliyesahau. Shangazi ndiye aliyewahi kusoma, kwa sauti, maana siri na shangazi havikai nyumba moja:

"'Mkwe. Mabega mapana, yameinama. Anyooshwe taratibu.'"